Fokasi kwenye fomu ya tovuti: kisanduku kinapoingiwa na kinapoachwa

Kwenye ukurasa wa tovuti, maandishi ya kibodi huenda mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Kisanduku kinachoyapokea ndicho chenye fokasi. Ukikibofya, ukikigusa kwa kidole au ukikifikia kwa kitufe cha Tab, kivinjari hutoa tukio, yaani taarifa kwamba jambo limetokea, liitwalo focus. Ukikiacha, hutoa blur. JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, husikiliza matukio hayo na kufanya ulichoiagiza.

Chukua fomu ya kuomba nafasi ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame au Marangu, kazi ambayo watengeneza tovuti wa Moshi na Arusha wanaijua vizuri. Mgeni akiingia kwenye namba ya simu, focus inamwonyesha maelezo mafupi: anza na namba ya nchi, mfano +255. Akitoka, blur inakagua. Hapo ndipo pa kukagua. Ukikagua kila tarakimu inapoingia, mtu anaambiwa amekosea ilhali hata hajamaliza kuandika.

Ubaya zaidi ni blur inayomrudisha mtu kwa nguvu kwenye kisanduku alichokosea. Visanduku viwili vikiwa na tabia hiyo, cha kwanza kinavuta fokasi, cha pili nacho kinaona kimeachwa kitupu, kinaivuta tena, na mchezo hauishi. Isitoshe, huenda mtu alitaka kuruka tu akatafute pasipoti kwanza. Andika kosa chini ya kisanduku, mwache aendelee, umzuie wakati wa kutuma.

Jambo linalowasumbua wengi: focus na blur hazipandi kwa elementi mzazi, yaani sehemu ya ukurasa inayokibeba kisanduku, kama fomu. Ukimweka msikilizaji wa kawaida (kipande cha JavaScript kinachosubiri tukio) kwenye fomu yenyewe, hatasikia kitu. Tumia focusin na focusout, ambazo hupanda. Zinafaa sana pale tarehe ya safari inapogawanywa visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka: relatedTarget, taarifa inayokuja na tukio la focusout, inakuambia fokasi inaelekea wapi, na kama bado imo ndani ya kundi hilo, usikague kwanza.

Halafu kuna ule mstari unaozunguka kisanduku chenye fokasi. Wateja huuona mbaya, fundi anaandika outline: none, amri ya CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa) inayouondoa, na karani anayejaza fomu kwa Tab hajui tena yuko wapi. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, kipengele 2.4.7, unataka fokasi ionekane. Rangi isipoendana na nembo, ibadilishe katika CSS kwa :focus-visible, mstari ubaki.