Damu ikikoma haijapona: maswali na majibu kuhusu kichocho cha tumbo na kutapika damu

Kichocho cha tumbo ni kipi? Si kile cha kukojoa damu?

Hapana, hivyo ni vichocho viwili. Cha kukojoa damu hushambulia kibofu, na huku kwetu Kanda ya Ziwa Victoria hupatikana zaidi kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga ya bara. Cha tumbo ndicho cha ziwani: Ilemela, Magu, Sengerema, Kome, Ukerewe. Minyoo yake huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Usisubiri mkojo mwekundu ndipo uamini unacho, maana hautakuja.

Minyoo iko utumboni, damu inatokaje mdomoni?

Jike mmoja hutaga mayai kama 300 kwa siku, na huishi miaka. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo. Yanaponasa huacha makovu. Makovu yakirundikana, damu inayotoka utumboni hukosa njia ya kupita kwenye ini, hivyo hutafuta vichochoro. Bandama huvimba. Mishipa ya sehemu ya chini ya umio (njia ya chakula toka kooni), karibu na tumbo, hutuna kama ile inayotuna miguuni kwa baadhi ya wajawazito. Kuta zake ni nyembamba, na siku ikizidiwa hupasuka.

Na ikipasuka haiumi. Mtu anakula vizuri jioni, usiku anajisikia kichefuchefu, anatapika damu beseni zima bila kushika tumbo.

Ametapika damu mara moja tu, sasa imekoma na anaongea vizuri. Tusubiri asubuhi?

Hapana. Mpelekeni sasa hivi.

Kukoma kwa damu hakuna maana kwamba amepona. Presha ya damu imeshuka kwa sababu amepoteza damu nyingi, na donge la damu limeziba tundu kwa muda. Akinywa maji, presha ikipanda kidogo, donge linang'oka, naye anatapika tena, safari hii akiwa hana akiba. Wagonjwa wengi wanaoletwa wamekwisha mikononi mwa ndugu walitapika mara ya kwanza jana yake, au juzi.

Lakini anatembea mwenyewe.

Kijana mwenye nguvu hutembea hata akiwa amepoteza damu nyingi, halafu huanguka ghafla. Shikeni mapigo ya moyo kifundoni mwa mkono: yakizidi 100 kwa dakika, au akitoka jasho la baridi, au akiona kiza anaposimama, hali ni mbaya tayari. Na asipokuwa na dalili hizo? Bado mpelekeni sasa hivi.

Hakutapika, ila choo ni cheusi.

Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya kuliko kawaida, ni damu iliyopita utumboni. Jibu ni lile lile. Vidonge vya kuongeza damu navyo hutia choo weusi, lakini hakinati wala hakitoi harufu ile. Ukishindwa kutofautisha, nenda upimwe.

Si vidonda vya tumbo? Tulimpa omeprazo na maziwa.

Hili ndilo linalotuchosha. Huku kila linalouma au kuchuruzika chini ya kifua limeitwa vidonda vya tumbo, na duka la dawa linauza bila kuuliza. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipitia majalada ya wagonjwa 240 waliotoka damu njia ya juu ya chakula wakaingizwa kamera mdomoni kuangalia umio na tumbo. Matokeo yalichapishwa 2012. Zaidi ya nusu walikuwa na mishipa iliyotuna kwenye umio. Vidonda vya tumbo vilikuwa robo hivi. Kwa hiyo ukikisia "vidonda" unakisia kinyume cha hesabu, na hata vikiwa vidonda kweli, vinavyotoka damu navyo ni vya hospitali.

Maziwa, shubiri, unga wa ndizi, juisi ya kabichi: vyote hivyo vinajaza tumbo la mtu anayehitaji kuwa na tumbo tupu ili kamera ione.

Wazee wanasema amelishwa kitu.

Tunawaheshimu wazee. Mambo ya kulishwa yazungumzwe baadaye, mgonjwa akiwa kitandani na dripu mkononi.

Tumbebeje?

Alale ubavu wa kushoto, asimeze chochote, hata maji. Msimpandishe bodaboda kama kuna bajaji au gari. Akizimia katikati ya dereva na ndugu, ataanguka. Msimpe diklofenaki, ibuprofeni wala asprini kwa sababu "mwili unauma". Dawa hizo huchokoza tumbo na asprini huzuia damu isigande.

Mkiwa kisiwani na kivuko kimeondoka, msikae nyumbani kusubiri cha kesho. Nendeni zahanati au kituo cha afya cha karibu awekewe dripu, wao ndio wataita usafiri.

Njooni na ndugu wawili au watatu wenye afya, umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50. Wengi hukataa kuja kwa kuwa "damu zetu haziendani". Si lazima ziendane. Mgonjwa atapewa inayomfaa kutoka benki, yenu itajaza pengo.

Hospitalini watafanya nini?

Dripu, damu, dawa ya kupunguza presha kwenye mishipa hiyo, antibayotiki. Kisha kamera, na mshipa unaovuja hufungwa kwa kipete cha mpira. Kazi haiishi siku hiyo. Kamera hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mishipa yote ifungwe. Anayejisikia vizuri akaruka miadi ya pili ndiye tunayempokea tena usiku.

Choo kilipimwa hakikuwa na mayai. Basi si kichocho?

Sampuli moja hukosa mengi. Mtu mwenye makovu ya siku nyingi aweza asitoe yai hata moja, wakati ini limekwisha haribika. Omba ultrasaundi ya ini na bandama. Pima pia homa ya ini B, nayo huleta mishipa ile ile.

Nikimeza prazikwanteli sasa nitapona mishipa?

Inaua minyoo, haifungui mishipa iliyokwisha tuna. Ndiyo maana imezwe mapema. Dozi ni miligramu 40 kwa kilo, mara moja: mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Kula kwanza. Wanaolalamika kizunguzungu na kichefuchefu mara nyingi wamemeza tumbo tupu. Minyoo michanga haiguswi na dawa hii, hivyo mvuvi au mchuuzi wa dagaa wa mwaloni aulize kituo cha afya arudie lini. Kampeni za shuleni humfikia mtoto, si baba yake.

Nimetoka hospitali. Naweza kurudi ziwani?

Kama ndiyo riziki, utarudi. Epuka kuingia majini saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, wakati vimelea vya kichocho, vinavyoingia mwilini kupitia ngozi, vinapotoka kwa wingi kwenye konokono wa majini. Maji ya kuoga yachote, yakae siku mbili kwenye pipa lisilo na konokono, vimelea vitakuwa vimekufa. Choo kiwe chooni, si nyuma ya mtumbwi. Propranolo uliyopewa, dawa ya kupunguza presha kwenye mishipa hiyo, usiiache kwa kuwa imeisha kwenye pakiti. Rudi ukachukue nyingine kabla haijaisha.