Je, wajua kwa nini Josh Gibson alivunja rekodi miaka 77 baada ya kufa?

Mei 2024, Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani ilimshusha Ty Cobb kutoka kileleni, alikokaa miaka mingi kwa wastani wa upigaji wa 0.367. Akapandishwa Josh Gibson kwa 0.372, yaani katika kila zamu 1,000 za kupiga, mara 372 aliupiga mpira akafika kituoni salama. Lakini Gibson alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35. Marehemu anavunjaje rekodi?

Mapigo yalikuwa yake tangu zamani, ila hayakuhesabiwa. Gibson alikuwa mweusi, na enzi hizo weusi walifungiwa mlango wa Ligi Kuu, wakaunda ligi zao. Yeye alichezea timu za Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Desemba 2020 ndipo ilipokubaliwa kwamba ligi saba za weusi, za kati ya 1920 na 1948, nazo zilikuwa ligi kuu. Watafiti walikuwa wamepekua magazeti ya wakati ule, mechi moja baada ya nyingine, wakijumlisha.

Na tena alikuwa mdakaji! Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, barakoa ya chuma usoni, akipokea mipira inayokuja kwa kasi ya gari la barabara kuu. Vidole huteguka, magoti huchakaa. Mtu wa kazi hiyo akipiga vizuri kiasi tu, timu hushukuru. Gibson alifikisha 0.466 msimu wa 1943, mwaka uleule aliogunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Hiyo nayo sasa ni rekodi ya msimu mmoja.

Bado hesabu rasmi inampunja. Bamba lake katika Jumba la Umaarufu la besiboli, alikoingizwa 1972, linasema aliuvusha mpira nje ya uzio karibu mara 800. Takwimu za ligi hazifiki hata 200, kwa sababu misimu ya ligi ilikuwa mifupi, na mechi nyingi walicheza wakizunguka mji hadi mji kutafuta riziki. Hizo hazimo.

Aprili 15, 1947, hata miezi mitatu haijatimia tangu azikwe, Jackie Robinson, mchezaji mweusi, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers ya Ligi Kuu, na ule mlango ukafunguka. Kaburi la Gibson huko Pittsburgh lilikaa bila jiwe la jina hadi 1975.