Tazama milima, si askari

Wageni wa hifadhi yetu ya picha wakifika mbele ya ile picha ya mpigapicha wa vita Robert Capa, ya mwanamgambo anayeanguka kinyumenyume huku bunduki ikimponyoka, huuliza swali lilelile: alikufa kweli au aliigiza? Huwaomba wamwache kwanza huyo mtu, tutazame nyuma yake.

Picha ilipigwa Septemba 1936, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Hispania vikiwa bado vichanga. Jarida la Vu la Ufaransa liliitoa mwezi huohuo. Julai 1937 ikatoka kwenye Life la Marekani, na maelezo yake yakasema mpiganaji huyo amepigwa risasi ya kichwa upande wa Córdoba, mji wa kusini mwa Hispania. Baadaye ikazoeleka kuwa ni Cerro Muriano, kaskazini mwa mji huo. Miaka ya 1990 marehemu akapewa na jina: Federico Borrell García, aliyeuawa huko Septemba 5.

Sasa milima. Katika picha nyingine za mfululizo uleule, safu ya milima ya mbali inaonekana wazi zaidi. Mtafiti wa Kihispania, José Manuel Susperregui, aliifuatilia, na mwaka 2009 akaonyesha kwamba haionekani hivyo ukiwa Cerro Muriano. Inaonekana hivyo ukiwa Espejo, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 50 kutoka huko. Mtu unaweza kumwambia aanguke tena. Mlima hauambiwi kitu. Tena mwanzoni mwa Septemba, inapoaminika picha ilipigwa, hakukuwa na mapigano Espejo, yalifika baadaye mwezi huo. Na kama ni Espejo, basi anayeanguka si Borrell.

Ushahidi wa pili ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza, ila wengi waliupita. Vu ilichapa picha mbili, moja juu ya nyingine: watu wawili tofauti wakianguka karibu mahali palepale, mawingu yaleyale. Mwili wa aliyetangulia haupo kwenye picha ya pili. Wanaomtetea Capa husema uliburutwa ukaondolewa, au kwamba palikuwa na mdunguaji aliyejificha. Inawezekana, lakini utetezi unaohitaji mdunguaji ambaye hakuna aliyemwona mimi haunishibishi.

Negativu, yaani filamu ya asili ya picha, ingesaidia, maana ingetuonyesha kilichotangulia na kilichofuata. Mwaka 2007 masanduku ya negativu za vita hivyo, kama 4,500, yaliyokuwa Mexico kwa miaka mingi, yalifikishwa New York. Ya picha hii haikuwemo. Capa mwenyewe hatuwezi kumuuliza: alikanyaga bomu la ardhini huko Vietnam mwaka 1954 akafa.

Kwangu mimi, mahali pamethibitika, kifo, bado. Ndiyo maana kibandiko chetu chini ya nakala kinasema hivi tu: "Robert Capa, Espejo, Septemba 1936. Mwanamgambo akianguka."