Edipode hakuponzwa na kiburi

Juzi nimesahihisha tena insha za wanafunzi juu ya Mfalme Edipode, tamthilia ya Sofokile, Mgiriki wa kale. Karatasi baada ya karatasi, sentensi ileile: kiburi ndicho kilichomponza mfalme huyo. Niliweka kalamu chini nikaenda kubandika chai.

Dodds aliyakuta hayohayo Oxford. Eric Robertson Dodds, mtaalamu wa Kigiriki cha kale, mzaliwa wa Banbridge, Ayalandi, mwaka 1893. Tafadhali msimwite Mwingereza: mwaka 1916 ilimbidi aondoke Oxford kwa kuwaunga mkono waasi wa Dublin walioupinga utawala wa Waingereza, akarudi mwaka uliofuata kufanya mtihani, akatoka na daraja la kwanza. Alifundisha Reading, kisha Birmingham, na mwaka 1936 akapewa uprofesa wa Kigiriki Oxford kulekule, baadhi ya wenyeji wakinuna. Alistaafu 1960.

Katika makala yake ya 1966 anasimulia jinsi watahiniwa walivyojibu swali lake: je, tamthilia hii inajaribu kuhalalisha matendo ya miungu kwa binadamu? Kuna waliosema Edipode alivuna alichopanda. Wengi zaidi walisema binadamu ni karagosi wa miungu. Waliobaki wakasema Sofokile ni fundi wa jukwaa tu, mahubiri hayamhusu. Hao wa pili na wa tatu tuwaache leo.

Hao wa kwanza ndio wananichosha. Edipode alimuua baba na kumwoa mama, bila kuwajua, miaka mingi kabla mchezo haujaanza. Ukali wake kwa nabii Tiresia na shemeji yake Kreoni tunauona baadaye. Sasa kosa la leo litaletaje balaa la juzi? Mwanafalsafa Aristotle alisema shujaa wa tanzia huangushwa na hamartia, yaani kosa, na Dodds anashikilia kwamba hapo maana yake ni kukosea kwa kutojua, wala si kasoro ya tabia. Jamaa alitabiriwa kwamba atamuua baba yake, akahama Korintho alikolelewa ili asimdhuru mtu aliyemdhani baba yake. Kiburi kiko wapi hapo? Na anayemtetea ni Dodds, aliyefukuzwa shule Belfast kwa kumfanyia jeuri mkuu wa shule. Jeuri aliijua.

Pale njia panda, alipomuua baba yake, nakiri, nami nasitasita. Dodds anasema Edipode alijihami. Ni kweli walitaka kumsukuma nje ya njia kwa nguvu, na mzee, ndiye baba yake, alimtwanga kichwani. Lakini Edipode mwenyewe anasema alikwishampiga mwendeshaji wa gari la mzee, tena kwa hasira, kisha akaua wote, au alidhani ni wote. Hiyo ni kujihami? Halafu Aristotle aliandika kama miaka mia baada ya tamthilia hii. Sina hakika neno lake lifunge mjadala.

Kwa hiyo anayetaka kuandika juu ya hasira za njia panda aandike, nitamsoma mpaka nukta ya mwisho. Kiburi, hapana.