Njia ndogo ya Teresia si kufanya kidogo

Oktoba ikiingia, jumuiya zetu hapa Mwanza zote zinakuwa za Mtakatifu Teresia wa Lisieux. Tarehe 1 ni sikukuu yake, makundi ya WhatsApp yanajaa mawaridi, na kuanzia hapo ukimwomba mtu chochote atakujibu kwamba yeye anatembea njia ndogo. Kaombwa aende kumwona mgonjwa: njia ndogo. Kaombwa mchango wa tegemeza jimbo, katoa elfu moja iliyokunjwa mara nne: njia ndogo. Juzi nimemsikia mtu anaulizwa taarifa ya mapato na matumizi, naye akamtaja Teresia. Hapo nikaona bora niandike.

Njia ndogo ni namna ya kumwendea Mungu kwa kukubali kwamba kwa nguvu zako mwenyewe hufiki, ukamtegemea yeye akubebe, huku ukimpenda katika yale yaliyo mbele yako leo. Maana yake ni hiyo. Tatizo liko kwenye huo udogo: ni wa nani?

Kwanza tumjue mwenyewe, maana wengine wanamchanganya na Teresa wa Avila, Mhispania wa karne ya 16, na wengine na Mama Teresa wa Kolkata. Huyu ni Mfaransa. Alizaliwa Alençon tarehe 2 Januari 1873, akafiwa na mama akiwa na miaka minne, akaingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux akiwa na miaka 15. Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1997 Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanafaa Kanisa zima.

Sasa huo udogo. Teresia anaeleza kwamba alipojilinganisha na watakatifu wakubwa alijiona kama chembe ya mchanga chini ya mlima. Lakini hakusema, basi mimi nitabaki huku chini. Aliutaka utakatifu wote. Alikuwa ameona kwamba kwenye nyumba za matajiri watu hawahangaiki tena na ngazi, wanapanda lifti, naye akatafuta lifti ya kumfikisha kwa Yesu, kwa kuwa yeye ni mdogo mno kupanda ngazi ngumu ya ukamilifu. (Aliyepandisha ndoo ya maji kwenye miamba ya Igogo haelezwi hili mara mbili.) Akaipata kwenye Maandiko, hasa Isaya 66, pale Mungu anapowafariji watu wake kama mama anavyomfariji mtoto. Lifti, akasema, ni mikono ya Yesu.

Kwa hiyo mdogo ni msafiri. Safari yenyewe ni ileile ya watakatifu wote, na kilele ni kilekile. Anayeligeuza neno likawa na maana ya "nitatoa kidogo, nitajisumbua kidogo" ameuhamisha udogo kutoka kwake akaupeleka kwenye upendo wake, na Teresia hakuupunguza upendo popote. Utotoni dada yake Léonie aliwaletea yeye na dada yao Céline kapu la vitambaa na utepe wachague. Céline alichukua kifungu kimoja. Teresia akasema anachagua vyote, akabeba kapu zima. Alipokua aliandika kwamba kisa hicho ni muhtasari wa maisha yake.

Na hayo mambo madogo ya monasteri, yajaribu uone. Wakiwa wanafua, sista mmoja alikuwa akimrushia maji machafu usoni kila akiinua vitambaa. Teresia alitaka kurudi nyuma apanguse uso, ili yule mwenzake ajue anachofanya. Akajizuia, akabaki palepale. Kulikuwa na sista mwingine ambaye kila kitu chake kilimkera. Alimhudumia na kumtabasamia mpaka siku moja yule akamuuliza ni nini kinachomvutia hivyo kwake. Kuanzia Pasaka ya mwaka 1896 Teresia alikuwa hata mbingu haioni tena moyoni, imefunikwa na giza, huku kifua kinamla. Hakuacha. Huyo ndiye tunayemsingizia elfu moja yetu.

Sisi wa huku ziwani tuna sababu ya ziada ya kumwelewa vizuri. Teresia, ambaye tangu mwaka 1927 ni msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri, alikabidhiwa vijana wawili wa misioni wa kuwaombea kama kaka zake. Mmoja, Maurice Bellière, alikuwa bado mseminari, akajiunga na Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers waliotia nanga Kageye mwaka 1878 na kufungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Yeye baadaye alitumwa Nyasa, Malawi ya leo. Alikuwa kijana anayeteswa na dhambi zake za zamani. Julai 1897 Teresia, mgonjwa aliyekaribia kufa, anamwandikia kwamba roho ya kijana huyo imeitwa kupanda kwa lifti ya upendo, isikwee ngazi ngumu ya hofu. Aliyeandikiwa ni mtu aliyekuwa anaelekea misioni, si mtu aliyetafuta ruhusa ya kubaki nyumbani.

Lipo kosa jingine, la watu wema kabisa: kuhesabu. Watoto wanapewa daftari waandike matendo madogo ya kila siku, kumi, ishirini, kama akiba itakayofunguliwa mbinguni. Lakini katika sala yake ya kujitoa kwa Upendo wenye Huruma, Juni 1895, Teresia anasema kwamba jioni ya maisha haya atasimama mbele ya Mungu mikono mitupu, wala hamwombi ayahesabu matendo yake.

Daftari zenyewe msizichome. Hata yeye utotoni alipewa kamba ya punje ya kuhesabia sadaka zake ndogo, akaipenda sana. Ila makatekista, mtoto akifika darasa la kipaimara, msomeeni na hiyo sala ya mikono mitupu.