Chingamu ya nikotini haitafunwi kama bazoka

Swali: Nimenunua chingamu ya nikotini nipate kuacha sigara. Nimetafuna tatu mfululizo, nikashikwa na kwikwi na kiungulia, na hamu ya sigara iko pale pale. Nimetapeliwa?

Hujatapeliwa, ndugu yangu. Umeitafuna kama bazoka ya miraa. Nikotini yake huingia mwilini kupitia ngozi laini ya mdomo. Ukitafuna mbio unaimeza pamoja na mate, ndipo kwikwi ikaja. Wazee wetu hapa Lamu wana neno lake: kuvuata. Si umewaona mabibi wanavyovuata tumbaku ya tambuu? Basi fanya vivyo hivyo. Itafune polepole mpaka mdomo uchonyote kama umeuma pilipili manga, kisha isukume kati ya shavu na ufizi, itulie. Mchonyoto ukiisha, tafuna tena kidogo, uihamishie shavu la pili. Moja hukaa kama nusu saa.

Swali: Na kahawa ya barazani?

Hapo pana mtego. Kahawa, soda, maji ya ndimu na ya ukwaju yana asidi inayozuia nikotini isipenye. Robo saa kabla ya kuitia mdomoni, na muda wote ikiwa mdomoni, usile wala usinywe kitu isipokuwa maji. Tena kwa wengi wetu kikombe cha kahawa tungu ndicho kinachoiita sigara. Ningekuwa wewe, wiki za mwanzo ningelihama baraza.

Swali: Nichukue ya miligramu 2 au 4?

Ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha lini? Kama nusu saa haipiti, chukua ya 4. Kama inapita, ya 2 yatosha. Wiki 6 za mwanzo tumia moja kila baada ya saa moja au mbili, kisha punguza mpaka wiki ya 12. Usizidishe 24 kwa siku.

Swali: Si kuacha sumu hii na kushika nyingine?

Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini saratani huletwa na lami na sumu nyingine za moshi, na chingamu haina moshi. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mjamzito, au aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, amwone daktari kwanza. Mwenye meno ya bandia itamnata.

Swali: Ramadhani je?

Mchana utakuwa umefungua. Ngoja futari, sukutua ukwaju utoke mdomoni, subiri robo saa. Ya daku ianze mapema, uiteme kabla ya adhana ya alfajiri, na uikunje kwenye karatasi: mtoto akiiokota ataidhania peremende.