Uimara wa kuvutwa: nondo hubeba kiasi gani kabla ya kulegea na kukatika

Nondo ya milimita 12, kama zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi pale Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, ukiikata utaona duara lenye eneo la milimita za mraba 113 hivi. Ibane ncha zote mbili, ivute ukiongeza kani taratibu, na itafika mahali haiwezi tena. Chukua kani kubwa kuliko zote iliyoihimili, igawe kwa zile milimita za mraba 113. Jibu ndilo uimara wa kuvutwa wa chuma hicho. Hutajwa kwa niutoni (kipimo cha kani) kwa kila milimita ya mraba, kipimo ambacho pia huitwa megapaskali.

Kugawa kwa eneo ndiko kunakotenganisha ubora wa chuma na unene wa kipande. Nondo ya milimita 16 hubeba zaidi ya ile ya 12 kwa sababu eneo lake ni milimita za mraba 201, ingawa chuma chenyewe kinaweza kuwa kilekile. Kinyume chake, nondo mbili za milimita 12 zinaweza kulingana kwa unene, moja ikawa ya chuma laini kinachoanza kulegea kwenye megapaskali 250 na nyingine ya daraja la 500, yaani inayoanza kulegea kwenye megapaskali 500. Ya kwanza italegea kwa mzigo wa karibu tani 2.9, ya pili kwa tani 5.8. Mwenye nyumba anayemtuma fundi "nondo za kumi na mbili" bila kutaja daraja ameacha nusu ya swali bila jibu, na kwangu hilo si jambo dogo.

Kulegea huja kabla ya kukatika, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Mwanzoni chuma kinapovutwa hurefuka kidogo mno: nondo ya mita moja ikifikishwa megapaskali 250 huongezeka milimita 1.25 tu. Katika hatua hiyo, ukiiachia hurudi kwenye urefu wake kana kwamba haikuguswa. Chuma laini na chuma cha daraja la juu hurefuka sawasawa hapa. Kinachowatofautisha ni mahali pa kuishia. Aluminiamu chini ya mkazo uleule, yaani kani ileile kwa kila milimita ya mraba, hurefuka karibu mara tatu. Kwa hiyo ukakamavu na uimara ni sifa mbili tofauti, na anayezichanganya atashangaa kwa nini boriti aliyoiwekea chuma ghali zaidi bado inabonyea vilevile.

Ukivuka kikomo hicho, chuma hakirudi tena. Kinaendelea kurefuka, na chuma laini kinaweza kuongezeka asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika. Karibu na mwisho sehemu moja huanza kunyweka na kufanya shingo. Mzigo mkubwa kabisa ni ule wa muda mfupi kabla shingo haijajitokeza, kisha kipande hukatikia hapohapo. Chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa kwenye kalibu kikiwa kimeyeyuka, hakina safari hiyo. Hukatika ghafla, uso wa mkato ukiwa mkavu na wa chembechembe, bila kunyweka wala kutoa onyo.

Wahandisi wa majengo hufanya hesabu zao kwa mkazo wa kulegea, hawangoji ule wa kukatika. Hata hivyo wanataka ile nafasi ya katikati iwepo. Kigoma iko ukingoni mwa Bonde la Ufa la magharibi, ambako gamba la dunia lenyewe linavutwa pande mbili, na matetemeko ni sehemu ya maisha ya ukanda huu. Nyumba yenye nondo zinazorefuka hupasuka na kuinama kwanza, na watu hupata muda wa kutoka. Ndiyo maana nondo za zamani zilizopindwa na kunyooshwa tena zinanitia wasiwasi: chuma kinachopindwa kikiwa baridi huwa kigumu zaidi, lakini hupoteza uwezo wake wa kurefuka. Kila fundi anayekata waya wa kufungia nondo kwa kuupinda huku na huku anaitumia tabia hiyo kila siku.

Zege linahitaji nondo kwa sababu ya udhaifu wake katika kuvutwa. Zege la kawaida likigandamizwa hubeba megapaskali 25 hivi, lakini likivutwa hupasuka kwenye mbili au tatu. Lenta juu ya mlango ikibeba ukuta hujipinda kidogo: upande wa juu hugandamizwa, wa chini huvutwa. Nondo kuu basi zikae chini, zikiwa na zege la kuzifunika. Kwa baraza linalochomoza nje bila nguzo mambo hugeuka, na nondo kuu lazima ziwe juu. Zikilazwa chini huko, zipo kwenye nyumba na kazi yake hazifanyi.

Mbao zina tabia yao pia. Mninga wa misitu ya Tabora ni mti imara ukivutwa kufuata nyuzi zake, ila ukiuvuta kwa kukatisha nyuzi hupasuka kwa nguvu ndogo sana. Seremala mzuri huangalia nyuzi kabla hajapima urefu.

Umbo nalo hupunguza uimara. Meli ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, ilifika ikiwa vipandevipande kutoka Papenburg, Ujerumani, na mabamba yake yakaunganishwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zenye vichwa pande zote mbili. Kila ribiti inahitaji tundu. Bamba lenye upana wa milimita 100 na tundu moja la milimita 20 limebaki na milimita 80 za kubeba mvuto, na kwenye kingo za tundu la duara mkazo unaweza kufika mara tatu ya ule wa wastani. Kwa sababu hiyo mchoraji wa meli ya namna hiyo huhesabu chuma kilichobaki kati ya tundu na tundu, na hapo ndipo pia mkaguzi huanza kutafuta nyufa.